Kakule Kasonia Zacharie na turbo ndogo iliyopanda Kabasha

Ndugu, jamaa na marafiki, ninyi mliopanda kutoka Beni na ninyi wenyeji wa hapa Butembo, familia inawasalimu na kuwashukuru. Aliyelala mbele yenu ni Kakule Kasonia Zacharie: mume, baba, babu, fundi wa magari, na kwangu mimi yaya, kaka yangu mkubwa. Juzi familia iliketi kuchagua nani asome maisha yake. Wakubwa walitaka mtu mwenye sauti ya upole. Halafu wakakumbuka kwamba wapole wote wa ukoo wetu walikataa kupanda gari lake enzi zile, basi kazi ikaniangukia mimi, Jokébed, mdogo wake wa mwisho. Mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa Lubero tarehe 22 Agosti 1954, mtoto wa kiume wa nne, kama jina lake Kakule linavyowaambia wote wanaojua majina yetu. Baba yetu alilima viazi na maharagwe, mama yetu aliviuza. Kule juu baridi ni kali, na watoto wengi walikaa karibu na moto. Yeye alikaa karibu na baiskeli ya katekista. Siku moja katekista aliingia kumwombea bibi yetu mgonjwa, na sala zake zilikuwa ndefu, wazee wanakumbuka. Alipotoka alikuta baiskeli imesimama pale pale alipoiacha, safi, na Zacharie kando yake amefunga mdomo kabisa. Aliulizwa habari ya shule akatikisa kichwa tu. Alikuwa ameifungua yote na kuifunga tena, na nati moja ilibaki, akaificha chini ya ulimi. Katekista aliendesha baiskeli ile miaka mingi. Nati ilikuwa ya wapi, hata yeye Zacharie hakujua.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Lubero, kisha akashuka Butembo kwenye shule ya ufundi, akapata diploma ya mekanika mwezi wa Julai 1974. Walimu wake walisema ana akili na ana ubishi. Akili ilimsaidia shuleni. Ubishi ulimsaidia nyumbani, maana baba alitaka arudi kulima viazi.

Mwaka 1975 aliajiriwa Beni katika garaji ya wanunuzi wa kahawa. Huko ndiko alikomwona Kapinga Josée, binti wa Papa Ilunga, mfanyakazi wa Leta, yaani serikali, aliyetumwa kutoka Kasai na kujenga nyumba yake Bungulu, mtaa wa Beni. Papa Ilunga alikuwa mtu wa suti na kalamu mfukoni. Hakupenda mikono ya fundi, na hakupenda milima. Wajumbe wetu walipofika kuomba mke, aliwasikiliza vizuri, akawapa bia, kisha akamgeukia kijana mwenyewe na kumuuliza swali moja tu. Butembo iko juu, Beni iko chini, katikati kuna mteremko wa Kabasha ambako malori yanalala. Siku kijana akimhamishia kwao juu, yeye binti yake atamwona namna gani? Zacharie wakati ule hakuwa na gari, hata pikipiki hakuwa nayo. Akasimama mbele ya wazee akajibu:

"Papa, Kapinga atakuwa anashuka kuwasalimia, na kila mara atapanda tena. Kama gari haiko, nitamubeba mugongoni."

Watu walicheka. Papa Ilunga hakucheka. Alisema tu kwamba amesikia, na wote walioketi pale wamesikia. Walifunga ndoa Beni tarehe 4 Agosti 1979, na mwaka 1982 wakahamia Butembo, ambako Zacharie alifungua garaji yake upande wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Mungu aliwapa watoto watatu: Débora, Ésaïe na Blaise. Ahadi ile ya Kabasha aliishika vizuri wakati wa amani. Kila Noeli na kila kiangazi Kapinga alishuka Bungulu na kupanda tena, kwa basi, kwa lori, kwa gari la kuazima. Migongo ya watu ilipumzika.

Sasa nifike kwenye gari lenyewe, kwa sababu najua wengi wenu mnalisubiri.

Mwaka 1992 mnunuzi mmoja wa kahawa, Mzungu, alikuwa anaondoka nchini. Alikuwa na gari dogo la Kijapani, jekundu, milango miwili, pua ndefu, limelala chini utadhani linatafuta kitu barabarani. Gari la mbio. Lilikuwa limeharibika na mafundi wote wamelikataa, kwa sababu ndani ya moteri ile hakuna pistoni zinazopanda na kushuka. Kuna chuma chenye pembe tatu kinachozunguka ndani ya nyumba yake, na kwenye kila pembe kuna ufito mwembamba unaozuia moto usipenye. Ufito mmoja ukivunjika, moteri imekufa. Mzungu yule alimpa Zacharie gari bure na kumtakia heri. Mke wa kaka yangu alipoliona likivutwa na kamba kuingia uani, aliuliza watoto watatu wataketi wapi. Hakupata jibu siku hiyo, na kwa maoni yangu mimi swali lile halijajibiwa hadi leo. Gari lilikuwa baya, ndugu zangu. Nililisema akiwa hai na ninalisema sasa.

Vita vya kwanza vilipofika, mwisho wa 1996, askari waliokuwa wanakimbia walichukua kila kitu chenye magurudumu. Garaji yake ilikuwa na magari ya wateja, yakaenda yote. Walifika kwa lile jekundu wakalikuta limefunguliwa kifua, moteri iko mezani vipande vipande. Mkubwa wao alikuwa amewahi kufanya kazi ya garaji, akaja kuangalia kama linaweza kufungwa haraka. Akatafuta pistoni. Akainama chini ya meza, akafungua masanduku, hakuna pistoni. Zacharie akamweleza kwa heshima kwamba moteri hii haijawahi kuwa na pistoni. Yule mkubwa alimtazama kwa huruma kabisa.

"Papa, banakwisha kukuiba mbele yetu," akasema, "na ungali unabafichia siri."

Akawaambia wenzake waondoke, mzee huyu amekwisha kuporwa na wengine waliotangulia. Walichukua betri na koti lake tu. Hivyo ndivyo gari lile lilivyobaki, na kwa muda mrefu lilikuwa karibu gari pekee la watu binafsi mtaani kwetu.

Vita vya pili vilipokuja, mwaka 1998, barabara ya Beni ikawa taabu tupu. Mabasi yaliacha kusafiri. Malori yalikuwa yanasimamishwa, wanawake wanashushwa, wengine hawakurudi salama na leo sitasema zaidi ya hapo. Kapinga alikaa Butembo muda mrefu bila kumwona baba yake, na Papa Ilunga alikuwa amezeeka, miguu imevimba. Alikuwa akituma salamu kwa wafanyabiashara waliopita, na salamu zake zilikuwa zile zile: mwambieni mkwe wangu kwamba bado ninakumbuka. Neno hili lilimnyima Zacharie usingizi. Nilimjua tangu utoto. Kudaiwa neno kulimuuma kuliko njaa.

Basi akaamua gari jekundu litapanda Kabasha. Alilifungia moteri, akaliinua kwa springi na magurudumu ya pikapu, likawa refu miguu na fupi mwili. Lakini halikuwa na nguvu. Huku juu kwetu hewa ni nyepesi, na moteri ile ilikohoa hata kwenye kilima cha sokoni. Dawa yake ilikuwa turbo. Kwa mama zangu ambao hamjui, turbo ni feni ndogo ya chuma inayozungushwa na moshi unaotoka, na yenyewe inasukuma hewa nyingi kuingia kwenye moteri. Zacharie na rafiki yake Salomon, ambaye yuko hapa na atakubali kwamba sidanganyi, walikuwa na turbo mbili mezani. Moja ilitoka kwenye lori, kubwa kama sufuria ya arusi. Nyingine ilitoka kwenye jeep ya zamani, ndogo, inashikika kwa mkono mmoja.

Salomon alitaka kubwa. Alisema gari la mbio na turbo ya mtoto ni aibu kwa wote wawili. Na Zacharie, mjue, alitaka kubwa pia. Waliifunga, wakapima na kurekebisha karibireta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, kwa wiki nzima, na Jumapili baada ya misa wakaipeleka uwanja wa Rughenda, siku ambayo hakuna ndege. Nusu ya parokia ilikuwa pale. Mwanzoni gari lilitambaa kama linaumwa, watu wakaanza kunong'ona. Kisha turbo ikaamka, ikapiga mluzi, na gari likatoroka mpaka mwisho wa uwanja na vumbi lake nyuma. Wanaume walirusha kofia. Zacharie alirudi meno yote nje. Kesho yake akamwambia Kapinga ajiandae, halafu akafikiri kidogo, akasema kwanza atashuka peke yake kulionyesha kwa mkwe wake.

Hapo alifanya kosa ambalo ni fundi wa Butembo tu anaweza kulifanya. Alilipima gari kwa hewa ya nyumbani. Huku juu hewa ni nyepesi na inataka esanse, yaani petroli, kidogo. Beni ni chini, kuna joto, hewa ni nzito, na inataka esanse zaidi. Karibireta iliyofungwa vizuri Rughenda, ukiifikisha Beni, inailisha moteri njaa. Gari la kawaida lingevumilia. Lile lilikuwa na turbo ya lori inayosukuma hewa kwa nguvu zote na esanse haitoshi, na moteri ikachemka ndani kwa ndani. Aliteremka Kabasha akiimba. Akaingia Beni kwenye barabara iliyonyooka, akakanyaga ili mji umsikie, na mji ulisikia: mlio mmoja mkavu, basi. Fito zilikuwa zimevunjika. Vijana walilisukuma mpaka Bungulu, mpaka mlangoni kwa Papa Ilunga, ambaye alitoka na fimbo yake, amevaa koti, akalizunguka gari lote.

"Mukwe," akamwambia, "gari imefika. Sasa Kapinga yeye atapanda na nini?"

Zacharie alirudi Butembo juu ya magunia ya lori, pamoja na mbuzi, na alipofika akaingia garaji moja kwa moja. Siku zile mimi, niliyeolewa Beni, nilikuwa nimekuja kuwatembelea na barabara ikanikwamisha, nikamkuta ameketi kwenye garaji mikono juu ya magoti. Nilidhani analilia gari. Hapana. Alikuwa anajiuliza ingekuwaje kama Kapinga angekuwa ndani na watoto, na moteri ingekufa si mjini bali katikati ya Kabasha, mikononi mwa wale waliokaa porini.

Kapinga ndiye aliyemwinua. Mtoto wa Ilunga hana machozi mengi. Alizunguka kwa njia ya ziwani, pasipo kupita Kabasha, na wanawake wenzake wa biashara mpaka Kampala, akarudi na fito mpya zimefungwa ndani ya kitenge, akaziweka mezani na kusema masharti yake. Turbo ya lori irudi kwenye lori. Na gari lisipimwe tena Rughenda mbele ya watu wa kupiga makofi, lipimwe Beni, mbele ya baba yake. Salomon alinuna. Zacharie aliichukua ile ndogo, akaizungusha kwa kidole, na akamweleza Salomon maneno ambayo baadaye mafundi wengi wa mji huu waliyarudia:

"Ile kubwa inangojea mwendo njo iamuke. Kwa Kabasha mwendo hauko. Kule unapanda na vitesi ya pili, pole pole, mashimo kila pahali. Miye nataka yenye kuamuka mapema, hata kama juu itachoka."

Salomon akauliza watu watasema nini wakiona gari la mbio linapanda kwa gia ya pili bila kukimbia. Zacharie akasema watasema limefika.

Tangu hapo kazi ikawa Bungulu. Alipata nafasi kwenye lori la kijeshi, yeye na chakula na vyombo vyake vya kazi, akashuka na kufunga moteri ile uani kwa baba mkwe. Papa Ilunga alitoa kiti chake nje na kuketi akisikiliza. Mtu ambaye hakupenda mikono ya fundi, sasa alianza kusema, mukwe, imekohoa. Mukwe, leo sauti ni nzuri. Zacharie aliipa karibireta esanse ya kutosha hewa ya Beni, na zaidi kidogo kwa usalama. Matokeo yake, kila ilipopanda juu ilishiba kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, watu wa Butembo wakaita gari lile Makala, yaani makaa. Aliwaacha waite. Kapinga alishuka kwa gari hilo kumwona baba yake, na akapanda tena. Mara ya kwanza Papa Ilunga alisimama barabarani akipunga fimbo mpaka moshi ukaisha. Nilikuwa karibu naye. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta.

Tangu wakati huo ikawa desturi ya marehemu kushuka Bungulu kulipima gari kila alipogusa kitu ndani yake. Sisi tulimcheka. Fundi gani anasafiri ili akaze skrubu? Lakini ni kwa desturi hiyo kwamba tarehe 17 Julai 2001, siku ya Jumanne, gari lilikuwa Beni.

Siku hiyo mimi nilikuwa na uchungu wa kuzaa, huko huko Beni. Mimi na mume wangu Laurent, mwalimu, tulikuwa tumengojea mtoto miaka mingi hadi watu wakaacha kuuliza. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Asubuhi mkunga alinipapasa, akamwita Laurent nje. Mtoto alikuwa amelala kwa ubavu. Alihitaji kupasuliwa, na daktari mpasuaji alikuwa ameitwa kwenye majeruhi, mbali, hakuna aliyejua atarudi lini. Butembo kulikuwa na daktari. Gari la wagonjwa lilikuwa limechukuliwa na askari, na kila jeep iliyokuwa nzima vilevile. Laurent alikimbia barabarani akisimamisha hewa. Kisha akakumbuka Makala.

Zacharie alikuja na mafuta bado mikononi. Alitoa kiti cha mbele, akatandika godoro la Papa Ilunga, wakaniingiza miguu kwanza kama mkate kwenye tanuri. Laurent alijikunja nyuma yangu. Papa Ilunga alikuja kuushika mlango, akamwambia mkwe wake amrudishe huyu naye kama alivyozoea kumrudisha Kapinga.

Kwenye kizuizi cha kutoka mji, askari walitusimamisha. Wiki ile walikuwa wanachukua chochote. Mmoja alilizunguka gari, akaona miguu mirefu, mwili mfupi, moshi mweusi, akasikia sauti yake ya chini isiyo na mluzi. Akamwambia yaya kwa Lingala, "Mobange, motuka na yo ezali kokufa." Mzee, gari lako linakufa. Yaya akajibu kwa unyenyekevu kwamba ni kweli, linakufa tangu zamani. Wakatufungulia. Na mimi, katika maumivu yale, nilielewa kitu: lile la turbo kubwa, lenye mluzi wa ndege, wangelichukua palepale na kutuacha barabarani.

Kisha Kabasha. Ninyi mnaoipita leo mnalalamika, lakini hamkuiona mwaka ule. Mashimo ya kuzika ng'ombe. Katika kona ya juu lori lilikuwa limelala upande, jeep isingepita. Sisi tulipita, mlango ukikwaruza mlima. Vitesi ya pili, tangu chini mpaka juu. Kila shimo lilinipitia mgongoni. Nilimuuliza:

"Yaya, itapanda?"

"Itapanda, mudogo. Sikiya. Iko napumua."

Nikasikiliza. Chini ya kelele zote kulikuwa na sauti nyembamba, inaanza mara tu mguu wake unapogusa, haingojei. Nilishika sauti hiyo kuliko mkono wa Laurent. Tulipokaribia juu, hewa ikawa nyepesi, moteri ikaanza kulemewa na esanse, ikabubujika. Yaya akasimamisha gari, katikati ya barabara, mimi nikiwa katika hali ile, akashuka, akafungua kifuniko, akaanza kuzungusha skrubu ya karibireta taratibu, sikio limeinamishwa. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamaliza, nikaanza kwa Kinande, maneno ambayo padri wetu hapa sitamtwisha. Alifunga kifuniko, akaingia, akasema, "Ndiyo, najua," na gari likaondoka jepesi.

Tulifika Butembo jua likiwa kichwani. Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, Laurent alikuwa ameshika kitu ndani ya kitenge, na kitu hicho kilikuwa kinapiga kelele. Jemima. Waliniambia yaya alikuwa amesimama ukutani nje wakati wote ule, na aliposikia kilio cha mtoto alishuka chini taratibu mpaka akaketi ardhini. Alicheka, akalia, akacheka tena. Kisha akaenda kulala ndani ya gari, juu ya godoro la mkwe wake, na hakuna aliyeweza kumwamsha hadi asubuhi. Asante, yaya. Wasingya. Nilikuambia ukiwa hai, ninarudia mbele ya mashahidi.

Vita vilipopungua alirudi kwenye kazi yake ya kila siku: malori, pikapu, vinu vya mihogo. Papa Ilunga alifariki mwaka 2005, na Kapinga alikuwa pembeni yake, maana gari lilikuwa zima. Zacharie alifundisha mafundi wengi, aliwagombeza wote, na kila aliyemletea gari la kusafiri chini alimuuliza kwanza: unaenda Beni au unabaki? Asipojibu vizuri, gari lake halikuguswa.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 2017. Moyo ulikuwa mkubwa na dhaifu. Huku juu alikuwa akipanda ngazi tatu anasimama kama lori. Daktari alimshauri ashuke, akaishi chini ambako hewa ni nzito, kifua kitapata nafuu. Alicheka mpaka daktari akaogopa. Alimweleza Kapinga kwamba hewa iliyovunja moteri yake sasa ndiyo itamtengeneza. Wakahamia Bungulu, kwenye nyumba ya Papa Ilunga, na kweli alipata nafuu. Miaka ile Beni haikuwa na utulivu, wote mnajua, na sisi tuliokuwa tumehamia mbali kila simu ilipolia tulishika kifua. Tulimwogopea risasi, tulimwogopea moto, tulimwogopea barabara.

Kwa hiyo niseme wazi kile ambacho familia yote inakihisi na watu wanaona haya kukisema kwenye kilio. Tumepumua. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 11 Juni 2023, asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka sitini na minane, ameoshwa, amekunywa chai. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyempiga. Alimwomba Kapinga afungue dirisha, akavuta hewa, akasema, "Leo iko muzuri." Kapinga alikwenda kuweka kikombe, na aliporudi alikuwa amekwenda. Katika nchi hii, kwa mtu aliyepita tuliyoyapita, hiyo ni zawadi, na tunamshukuru Mungu kwayo bila kuficha.

Jana tulimpandisha. Jeneza lilikuwa kwenye pikapu ya Salomon mbele. Nyuma yake lilikuja gari jekundu, na aliyeliendesha ni Jemima, ambaye mjomba wake alimfundisha mwenyewe. Kapinga aliketi mbele, pale pale nilipolazwa mimi. Mimi nilijikunja nyuma, na sasa najua Laurent aliteseka. Chini ya Kabasha Jemima aliuliza kama aongeze mwendo. Kapinga akamwambia, "Hapana, mama. Vitesi ya pili mpaka juu." Tukapanda. Ile sauti nyembamba ikaanza, mapema, haikungoja. Karibu na kona ya juu Jemima alisimama, akashuka, akafungua kifuniko, akazungusha skrubu sikio limeinama. Hatukumtukana. Tulimngoja.

Marehemu anaacha mjane, Kapinga Josée. Watoto, Débora, Ésaïe na Blaise, pamoja na wenzi wao. Wajukuu wanaofahamu tayari jina la kila kipande cha moteri. Mdogo wake Jokébed na shemeji yake Laurent. Mwipwa wake Jemima. Rafiki yake Salomon, ambaye hadi leo anasema ile kubwa ilihitaji marekebisho kidogo tu. Na gari moja jekundu, baya, lililotuleta hapa leo na kusimama nje ya uzio huu, bado lina joto.

Yaya, uliwaambia wazee kwamba Kapinga atashuka na kila mara atapanda tena. Amepanda. Jemima amepanda, mimi nimepanda, na wewe umepanda. Hakuna anayekudai neno. Lala kwa amani ya Mungu, na huko uliko uiache skrubu, hewa yake imekwisha kupimwa.